Mbebaji Haoni Miguu Yake

Phelesia alikuwa mfinyanzi. Kabla hajashika udongo, chungu alikuwa amekwisha kukiona. Alikiona njiani, akiwa na maji kichwani, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya mtama. Kwanza kilikuja kitako, halafu tumbo, halafu shingo. Kikawa kinaelea mbele yake polepole, naye anakifuata. Alipofika nyumbani, mikono ilikuwa na kazi moja tu, kukifanya kile ambacho macho yalikwisha kukiona.

Watu wa kilima kile, kati ya Rangwe na Rodi Kopany, walimzoea. Ukimsalimu njiani "Oyawore!" alikuitikia baada ya hatua kumi. Wanawake wenzake walimtania.

"Nyar Karachuonyo, rudi! Tumekusalimu tangu jana!"

Walimwita hivyo, binti wa Karachuonyo, kwa kuwa huko ndiko alikotoka kuja kuolewa. Naye alicheka pamoja nao. Njia ya mtoni aliijua kwa nyayo. Miguu ilijua jiwe liko wapi na mzizi uko wapi, hata akili ikienda safari zake.

Mimi nilikuwa nikifundisha watu wazima kusoma, mara mbili kwa wiki, katika kanisa la pale. Phelesia alikuwa mwanafunzi wangu. Mara nyingi nilimkuta ameweka penseli chini, anatazama dirishani. Sikumgombeza. Mimi mwenyewe ni mtu wa kutazama dirishani, na sijaona ubaya wake.

Mwaka ulikuwa 1967. Wanakijiji walikuwa wakijenga kwa harambee wodi ya akina mama kujifungulia. Walikuwa wamechoka kuona mja mzito akibebwa kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani, mvua ikimnyeshea. Fundi mkuu alikuwa Ogeto, Mkisii, mtu wa maneno machache. Hakujua Kijaluo, kwa hiyo pale kazini watu wote walisema Kiswahili, kila mmoja kwa kadiri yake. Wanaume walichimba, walipanga matofali na kupiga misumari. Wanawake walibeba maji na mchanga kichwani. Walter, mume wa Phelesia, alimsaidia Ogeto kazi ya mbao.

Kazi ilikuwa na raha yake. Siku za jua ziwa lilionekana kwa mbali, jeupe, halina sauti. Mtu alishika tofali mkononi huku akilitazama, akasahau kidogo tofali lilikuwa la nini.

Sasa sikiliza jambo moja, maana hapa ndipo kosa lilipoanzia. Wajaluo wa pale walizoea kujenga nyumba ya boma jipya kwa siku moja. Asubuhi ni miti na nyasi tu. Jioni moto unawaka ndani. Taka zikibaki ovyo, nani anajali? Kesho yake mwenye nyumba anazifagia. Watu walikuja na mazoea hayo kwenye wodi. Lakini wodi ya matofali ilikuwa na miezi mitano na bado haina paa. Vipande vya mbao vya mwezi wa kwanza vilikuwa pale pale, na vya mwezi wa pili vilikuwa juu yake. Kulikuwa na kamba, matofali yaliyovunjika, karatasi za saruji na misumari. Majani yalianza kuota katikati ya takataka hizo. Ukiuliza, kila mtu alikujibu, "Tutasafisha ikiisha."

Ilikuwa Alhamisi, mvua imetoka kunyesha. Phelesia alipanda kutoka mtoni na debe la maji. Aliliweka juu ya ngata, ile pete ya majani ya mgomba inayokaa kati ya kichwa na mzigo. Siku hiyo alikuwa anaona chungu kikubwa chenye mdomo mpana, cha kuwekea maji ya kunywa. Alikuwa anatabasamu. Njia ya mtoni iliisha, wala hakujua kwamba imeisha. Alikanyaga mbao mbili zilizolazwa kama daraja juu ya mtaro wa msingi, akavuka. Upande wa pili kulikuwa na kipande kifupi cha mbao. Mguu ukakutana nacho.

Aliniambia baadaye kwamba hakusikia kuanguka. Alisikia ardhi imeondoka. Aliona maji yakipita hewani mbele ya macho yake, yanameta, hayana haraka. Kile chungu kikapasuka bila sauti. Kisha akasikia kitu kinavunjika kweli, na ulikuwa mkono wake wa kulia, karibu na kiganja.

"Uwi!" walilia wanawake.

Mmoja alitaka kuuvuta mkono ili unyooke. Ogeto akaruka kutoka juu ya jukwaa la miti alilosimamia kujenga ukuta.

"Hapana vuta! Wacha! Mfupa si msumari ya kunyoosha."

Aliuweka mkono katikati ya vibao viwili laini, akaufunga kwa leso, taratibu, kama ulivyo. Alifanya vizuri. Mzee Jeremiah, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuja akatikisa kichwa.

"Huyu mama huota akitembea. Nimesema siku nyingi," alisema.

Walter alimpeleka mkewe kwa baiskeli hadi barabarani. Huko wakapata lori la njugu lililokuwa linakwenda Homa Bay. Walikaa juu ya magunia. Vilima vilipita, mawingu yalipita.

"Akili yako ilikuwa wapi, nyar Karachuonyo?" Walter aliuliza.

"Kwenye chungu."

"Ungetazama chini."

"Ningetazama chini," Phelesia alisema, akaanza kulia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa kuwa aliamini kosa ni lake. Hilo ndilo linaloniuma mimi hata leo, kwamba aliamini.

Hospitalini walimkuta dresa mmoja, mfungaji wa vidonda na mifupa, jina lake Noordin. Alikuwa mtu wa Kisumu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na ulimi mwepesi. Aliutazama mkono, akachanganya plasta kwenye beseni.

"Pole sana, mama. Ulikanyaga nini?"

Walter alijibu haraka. "Alikuwa anaota."

"Sikuuliza hivyo, bwana. Nani haoti? Mimi hapa nafunga watu bandeji na huku naona biriani ya Idi. Nauliza, mguu ulikutana na nini?"

"Kipande cha mbao," Phelesia alisema.

"Kilitoka wapi?"

Phelesia hakujua. Walter alitazama sakafu. Yeye alijua. Jana yake alikuwa amekata mbao ya fremu ya mlango. Kipande kikaanguka, akakiacha palepale kilipoangukia. Maneno yalimjia hadi mdomoni, akayameza.

Noordin alifunga plasta kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko. Phelesia aliutazama mkono ule mweupe, mzito, kama si wake.

"Mimi ni mfinyanzi," alisema. "Nitafinyanga tena?"

Noordin aliacha mzaha. "Mfupa utaunga, wiki sita. Vidole ndivyo sijui. Sitakudanganya, mama. Vichezeshe kila siku, hata vikiuma. Mimi huja Rangwe Jumamosi kwa kliniki ya watoto. Nitapita kukuona."

Basi wiki zikaanza kupita. Phelesia alisonga ugali kwa mkono wa kushoto, nao ukawa na madonge. Udongo wake wa kufinyangia ulikaa pembeni, umefungwa kwa majani, ukakauka. Alichezesha vidole kama alivyoambiwa. Vinne vilitikisika. Kile kidogo kililala tu.

Lakini kulikuwa na jambo lililomtisha kuliko vidole. Vyungu havikuja tena. Alitembea asubuhi, ukungu ukawa ukungu tu. Kila hatua alitazama chini, jiwe, jani, jiwe. Darasani aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zote zikalala ubavu.

"Mwalimu," aliniuliza, "nikiacha kuota kabisa, sitaanguka tena?"

Mimi ni mwalimu, lakini siku hiyo nilimnyooshea herufi zake tu.

Kule kazini mambo hayakubadilika. Mama mwingine, Monicah, aliteleza kwenye matope karibu na mtaro. Aliinuka, akaona aibu, akanyamaza. Mzee Jeremiah alisikia, akatoa amri. "Tazameni chini! Mama yeyote atakayeota kazini atarudishwa nyumbani!" Nasema kweli, nilikasirika. Utamjuaje anayeota? Utamfungua kichwa uchungulie?

Jumamosi ya pili Noordin alipanda kilima na baiskeli yake, jasho linamtoka. Alimkuta Phelesia ameketi juu ya rundo la mchanga, anatazama wenzake wakibeba. Nami nilikuwapo. Noordin alivishika vidole kimoja kimoja, akauliza maswali yake, na Phelesia akamweleza ile amri ya mwenyekiti. Kisha akasimama, akatazama pande zote. Alitazama mbao, kamba, misumari. Alitazama sana zile mbao mbili juu ya mtaro.

"Nipeni debe la maji," alisema. "Na ngata."

Wanaume walicheka. Noordin alivua kofia yake, akaweka ngata, wanawake wakamtwika debe lililojaa. Maji yakamchuruzika hadi kwenye shati. Akasimama wima.

"Mzee Jeremiah, miguu yangu ina vidole vingapi?"

"Kumi, kama yangu."

"Mimi sioni hata kimoja."

Watu walicheka tena, lakini Ogeto hakucheka. Alishuka kutoka jukwaani akasogea karibu.

"Sasa ni zamu yako, mzee," Noordin alisema.

"Mimi? Mwanamume kubeba debe kichwani?"

"Beba, mzee!" Monicah alipiga kelele. "Hii wodi si ya wake zako?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Jeremiah hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa heshima nyingi. Alitwikwa. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akasimama. Akaanza kupapasa ardhi kwa kidole cha mguu.

"Sioni chini," alisema.

"Si ulisema watazame chini? Tazama, mzee."

Mzee Jeremiah aliinamisha kichwa. Maji yote yakammwagikia kifuani. Wanawake walicheka hadi wengine wakaketi.

"Mmeona?" Noordin alisema. Yeye hakuwa anacheka. "Ukiinama, maji yanamwagika. Usipoinama, huoni. Mtoni mbebaji anajua njia kwa nyayo, kwa sababu njia ya mtoni haibadiliki. Lakini hapa njia inabadilika kila siku. Jana mbao ilikuwa kule, leo iko hapa. Nyinyi mnaoweka vitu njiani hambebi kichwani. Wanaobeba hawaoni mlichoweka. Sasa kosa ni la nani?"

Walter alisogea mbele. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nitwikeni na mimi," alisema.

Alitembea polepole hadi kwenye mbao mbili. Zilicheza chini yake. Akavuka, na alipokanyaga upande wa pili, mguu ukagonga kitu. Debe likaruka. Ogeto alimdaka mkono, wakayumba wote wawili, wakasimama. Debe lilibiringika hadi kwenye mtaro.

Walter aliinama akaokota kipande kile cha mbao. Alikishika muda mrefu.

"Ni changu," alisema. "Nilikikata juzi. Na kile kilichomwangusha mke wangu pia kilikuwa changu. Nilijua tangu siku ile. Nikaogopa, nikamwachia yeye lawama."

Upepo wa ziwani ulipita, ukageuza karatasi za saruji. Phelesia aliinuka kutoka kwenye mchanga.

"Basi sikuanguka kwa sababu ya kile chungu?"

"Hapana," Walter alisema. "Ulianguka kwa sababu yangu. Nisamehe."

Phelesia alijifuta macho kwa mkono wa kushoto. Alimkasirikia mumewe, na alikuwa na haki. Lakini niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimwambia, "Tutaongea nyumbani," na wanaume wote waliooa wakaelewa.

Ogeto alikuna kidevu. "Lakini fundi hafagii. Fundi anajenga. Nikisimama kuokota takataka, ukuta itakwisha lini?"

"Na huyu mama amekosa kazi wiki ngapi?" Noordin aliuliza. "Na ukianguka wewe na karai la saruji, ukuta utajengwa na nani?"

Mzee Jeremiah alikuwa anakamua shati lake. "Sisi tumezoea kusafisha nyumba ikiisha," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni sawa, mzee, kwa nyumba ya siku moja. Hii ina miezi mitano. Basi kila jioni fanyeni kana kwamba nyumba imeisha. Safisheni kama mtalala humo."

Maneno hayo yaliwaingia, kwa sababu yalikuwa ya kwao.

Jumamosi hiyo halikupangwa tofali hata moja. Walikusanya mbao zote, wakazipanga upande mmoja, ndefu na ndefu, fupi na fupi. Walter aling'oa misumari kwenye kila kipande. Ile iliyokataa kutoka aliigonga ikalala. Kamba zilikunjwa na kutundikwa. Kisha wakachora njia ya wabebaji, kutoka mwisho wa njia ya mtoni hadi mahali pa kuchanganyia saruji. Wanawake wawili wenye mizigo walisimama bega kwa bega, ili upana uwatoshe kupishana. Kando wakapanga mawe, ijulikane kwamba ndani ya mawe hayo hakuna kitu kinachowekwa, hata kwa dakika moja. Penye matope walimwaga mchanga na matofali yaliyopondwa.

Ogeto mwenyewe alizitoa zile mbao mbili. Alileta nne, akazipigilia pamoja zisicheze. Juu yake akapiga vibao vyembamba vya kukingama, mguu upate pa kushika. Ubavuni akaweka mti wa kushikilia. Sehemu nyingine za mtaro zikafunikwa. Alipanda akajaribu mara tatu, akarudi, akaongeza msumari mmoja.

"Sasa iko sawa," alisema.

Walikubaliana pia kwamba kipande cha chuma kitagongwa saa sita na kabla ya kwenda nyumbani. Kikilia, kila mtu aache kazi na aokote vitu vilivyo karibu naye, mwanamume na mwanamke, mwenyekiti na fundi. Na Noordin aliwaambia jambo la mwisho akiwa ameshika baiskeli yake.

"Mtu akijikwaa, hata kama hakuanguka, aseme. Msimcheke. Amewaonyesha mahali ambapo mwenzake angevunjika."

"Basi mimi niliteleza pale," Monicah alisema, akaonyesha kwa kidole. Wakaenda wakamwaga mchanga pale pia. Mzee Jeremiah akaifuta amri yake, na hakuna aliyemkumbusha maji.

Wiki ya sita plasta ilikatwa. Mkono ulikuwa mwembamba, umepauka, unanuka. Phelesia alilowesha udongo mpya siku hiyo hiyo. Chungu cha kwanza kilianguka upande. Cha pili kilipata ufa. Vidole vinne vilikuwa vinarudi, kila siku kidogo. Kile kidogo kilibaki kimejikunja. Noordin alikitazama akasema ukweli, kwamba kitabaki hivyo.

Alirudi kubeba maji kwa nusu debe. Siku za kwanza bado alitaka kutazama chini, maji yakammwagikia. Wenzake walimwambia, "Njia ni safi, nyar Karachuonyo. Tembea." Akatembea. Asubuhi moja nilipita karibu naye, nikamsalimu. Hakuitika. Alikuwa amekwisha kupanda zile mbao nne na kuvuka, macho yako mbali, na mdomo unatabasamu. Nilisimama nikahesabu. Hatua ya kumi na mbili akageuka.

"Oyawore, mwalimu!"

Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, wala sioni haya kusema.

Wodi ilipata paa kabla ya mwaka kwisha. Tangu Jumamosi ile hadi siku ya kufungua mlango, hakuna mtu mwingine aliyeanguka na kuumia. Vyungu vya Phelesia vilirudi kwenye soko la Rodi. Vilikuwa vizuri. Vilimchukua muda zaidi, naye alilalamika, kama mfinyanzi yeyote.

Mwaka uliofuata Walter aliitwa Ndhiwa kusaidia kujenga shule. Siku ya kwanza alikata mbao, kipande kikaanguka. Akaweka msumeno chini, akakiokota, akakipeleka pembeni. Akakata tena, akaokota tena. Vijana wa pale walimtazama, wakaanza kucheka.

"Baba, wewe ni seremala ama ni bibi arusi wa kufagia ua wa wakwe?"

Walter hakukasirika. Alipuliza unga wa mbao kwenye msumeno.

"Mke wangu ana kidole ambacho hakinyooki," alisema. "Kila akinipa chakula nakiona."

Walter aliendelea kukata. Baada ya kitambo mmoja wa wale vijana aliinama, akaanza kuokota misumari.